Tulivyomfundisha Mheshimiwa Kutukimbia

Nyinyi vijana mnaokuja kujitolea na wanyama wa porini, jambo la kwanza ninalotaka mjue ni kunyamaza. Najua mtacheka. Anayenifahamu hapa Riruta anajua kwamba nikienda kununua nyanya asubuhi narudi mchana, maana kila kibanda kina mtu wa kusalimiwa na kila mtu ana habari zake. Lakini ndivyo nilivyofundishwa, tena kwa kufokewa. Mnyama wa porini hana haja na hadithi zako. Anataka chakula, maji safi, na wewe utoke hapo.

La pili, acheni nguo nzuri nyumbani. Siku yangu ya kwanza nilifika na sketi ya malinda na viatu vya kanisani, kwa sababu niliambiwa ninakwenda kwa daktari. Kabla sijaketi, ngiri mdogo mwenye bandeji mguuni alinijia akichechemea, akalalia viatu vyangu, akaanza kutafuna sketi. Nilipiga kelele. Daktari mwenyewe hata hakuniangalia mimi, alimwangalia ngiri.

"Usimshtue," akasema. "Tangu juzi alikuwa amekataa kula."

Huyo ndiye Daktari Manjit. Alikuwa mama wa Kisingasinga, mrefu, nywele nyeupe zimefungwa kisogoni, na sauti ya mtu aliyezoea kuongea na ng'ombe walio mbali. Alikuwa amestaafu udaktari wa mifugo, na shamba lake la Mutuini alikuwa amelifanya makao ya wanyama walioumia au waliopotelewa na mama zao. Kulikuwa na komba, kobe, bundi, huyo ngiri, na wengine waliokuwa wakiletwa kwenye makatoni bila taarifa. Mimi nilikuwa fundi cherehani katika duka la vitambaa la kaka yake, Bwana Surjit, katikati ya jiji. Nilikuwa nimeshona mapazia miaka mingi mpaka nikayajua madirisha ya Nairobi kuliko wezi.

Basi siku moja, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, Daktari aliingia dukani, akawapita wateja wote, akaja kusimama mbele ya cherehani yangu.

"Nataka unishonee korongo," akasema.

"Ya mtoto? Ni ya maigizo ya shule?"

"Ya mtu mzima. Hebu simama nikuone."

Nikasimama. Akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni kama mtu anayenunua kabati. "Sawa. Shona moja yako, na ingine ya mtu mrefu."

Hivyo ndivyo nilivyojitolea. Kuna watu ambao huguswa moyo wakaenda wenyewe, lakini mimi nilichukuliwa kwa sababu ya vipimo.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mkulima mmoja wa upande wa Kikuyu alikuwa akilima kando ya kinamasi, akakuta kifaranga cha korongo taji kimebaki peke yake matopeni, akamletea Daktari ndani ya kiondo. Korongo taji mnamjua, yule ndege mrefu wa kijivu mwenye shungi la rangi ya dhahabu kichwani. Sasa kifaranga chake humfuata yeyote anayemlisha, na humwiga. Akilishwa na mtu, anakua akijiona mtu. Siku ya kuachiliwa, badala ya kwenda kwa korongo wenzake, ataenda kusimama kwenye mlango wa kioski akingoja kuhudumiwa, na hapo atapigwa jiwe au ashikwe na mbwa.

Daktari alikuwa amesoma mahali kwamba dawa ni kuficha mtu. Kifaranga asione uso wa binadamu, asisikie sauti ya binadamu, mpaka siku ya kuondoka. Anayemlisha avae joho la kijivu kutoka kichwani hadi kwenye buti, na mkono mmoja uwe shingo na kichwa cha korongo wa bandia, ambacho ndicho kitaokota chakula na kumwonyesha.

Nilishona kwa kitambaa kizito cha kuwekwa nyuma ya pazia, kile cha kuzuia jua, kwa sababu hakionyeshi kilicho ndani. Kichwa nilikijaza pamba, mdomo nikautengeneza kwa mipini ya vijiko vya mbao, na shungi nikalitoa kwenye fagio jipya la Bwana Surjit, ambaye alilitafuta fagio hilo wiki nzima akishuku mlinzi. Mkishona joho kama hilo, msitoboe matundu ya macho. Matundu yanahama ukitembea, unajikuta unaangalia kwa kutumia sikio. Wekeni kipande kipana cha neti ya pazia mbele ya uso. Wewe unaona nje, naye haoni ndani.

Lile joho la mtu mrefu lilikuwa la Odhiambo. Odhiambo alikuwa karani katika ofisi moja ya bima mjini, kijana wa Kisumu mwenye miguu isiyoisha, na alikuwa akija Jumamosi na Jumapili. Mimi nilikuwa nakuja asubuhi za siku za kazi kabla ya kwenda dukani. Daktari alitupanga mbele yake akatupa sheria: hakuna kuongea, hakuna kucheka, hakuna kukohoa kama unaweza kungoja, na hakuna kumpa ndege jina.

Sheria ya jina ilivunjika siku hiyo hiyo. Kifaranga alitoka kwenye kiondo, akanyoosha shingo, akatembea polepole mbele yetu akiinua miguu juu kama anayekagua barabara aliyoahidi kuweka lami, akatuangalia upande upande, akaenda zake bila kufanya lolote.

"Yawa," Odhiambo akaninong'oneza tulipotoka. "Huyo si ndege. Huyo ni mheshimiwa."

Basi akawa Mheshimiwa. Hata Daktari, baada ya kutugombeza, nilimsikia siku moja akimwambia bundi asipige kelele, Mheshimiwa amelala.

Hakuna kazi niliyowahi kuipenda kama ile, na niseme wazi kwamba mwanzoni niliiona ya kijinga. Mtu mzima, mama wa watoto wakubwa, nimeinama ndani ya pazia nikiokota panzi kwa kijiko. Lakini kale kandege kalikuwa kakinifuata kila niendapo, kakisimama nikisimama. Nikiinamisha kichwa cha bandia, nako kanainamisha. Nilikuwa ninapanda gari la mjini nikiwa bado natabasamu. Sikuwa nimetegemewa namna ile na kiumbe chochote tangu Sila wangu aache kunyonya.

Alipoanza kuwa mkubwa akaanza kucheza. Korongo hucheza, hiyo ni tabia yao. Huinama, huruka juu na mabawa wazi, hurusha kijiti hewani. Daktari akasema akicheza peke yake ataona haya akutanapo na wenzake, kwa hiyo na sisi tucheze. Mimi nilikuwa naruka kidogo kwa heshima ya magoti yangu. Odhiambo alikuwa anaruka mpaka joho linapanda kiunoni na suruali yake ya ofisi inaonekana. Waliokuwa wakipita barabarani walisimama kutazama juu ya ua wa kayaba, na habari ikaenea Mutuini kwamba yule Mhindi amefungua kanisa.

Sasa nije kwa jirani. Upande wa pili wa ua aliishi Mama Wanjiru, mama mwenye ng'ombe wawili wa maziwa na lundo kubwa la samadi lililojaa mabuu, yale manene meupe. Mabuu hayo ndiyo Mheshimiwa aliyapenda kuliko chakula kingine chochote, na Mama Wanjiru alikuwa anatuachia tuchimbue bure. Alikuwa mtu wa watu, tena aliyelelewa vizuri. Hawezi kumpita mtu bila kumsalimia.

Asubuhi moja nikiwa kwenye uwanja na Mheshimiwa, nikasikia kutoka kwenye ua, "Mama Sila! Umeamkaje?"

Nikanyamaza. Ningefanya nini? Ndege alikuwa miguuni pangu.

"Mama Sila, si nakusalimia! Najua ni wewe, hizo gumbuti ni zako."

Nikainua kile kichwa cha bandia, nikamwinamishia kidogo. Nilidhani nimejibu kwa adabu. Yeye aliona nimemletea dharau ya mdomo wa mbao. Kesho yake akanisalimia tena, akapata ndege tena. Siku ya tatu hakunisalimia. Badala yake alienda kwenye duka la jirani akasema Mama Sila amekuwa mtu wa kuringa tangu aanze kukaa na Wahindi, siku hizi anajibu watu kwa kidole kilichovalishwa soksi. Tulipoenda kuchimbua mabuu tukakuta ameweka miiba kuzunguka lundo lote.

Mheshimiwa alisusia mahindi. Nyungunyungu aliwala huku akituangalia vibaya. Ikabidi nivue joho, nioge, nichukue sukari na majani ya chai, niende kuomba radhi.

"Wewe, mtu mzima na akili zako," Mama Wanjiru akaniambia kabla sijaketi, "unaniangalia na kichwa ya ndege unanikatalia salamu. Mimi nilikukosea nini?"

"Haki hukunikosea, Mama Wanjiru. Ni kazi. Haturuhusiwi kuongea."

"Kazi gani hiyo mtu hawezi sema tu poa?"

Nikamweleza yote, joho, kifaranga, kuiga, kioski. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Mwishoni akasema, "Wewe nimekusamehe. Mabuu mchukue. Lakini hiyo ndege yenu siipendi. Imefanya nikosane na rafiki." Hapo nikamkumbatia, maana na mimi nilikuwa nimeumia kwa kutoongea naye, tena sana. Tulikunywa chai hiyo mpaka nikachelewa kazini.

Sijawaambia kwa nini sheria zile zilikuwa kali hivyo. Kisheria Daktari hakuwa na uamuzi wa mwisho juu ya Mheshimiwa. Afisa wa wanyamapori kutoka serikalini, Bwana Mutiso, angekuja kumpima. Kama ndege anawaogopa watu, ataachiliwa aende kinamasini. Kama amewazoea, basi hawezi kuachiliwa, na tayari kulikuwa na hoteli iliyokuwa ikimtaka akatwe manyoya ya mabawa awekwe kwenye bustani, wageni wapigwe picha naye wakinywa chai. Nilikuwa nimemwona korongo wa namna hiyo mahali fulani nilipopeleka mapazia. Alikuwa amesimama kando ya meza akingoja mkate. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakosa hamu ya chakula, na hiyo kwangu ni habari.

Bwana Mutiso akaja. Sare imepigwa pasi, vifungo vinang'aa, masharubu yamechanwa. Aliingia uwanjani peke yake bila joho, sisi tukajificha nyuma ya banda tukichungulia. Kufikia wakati huo Mheshimiwa alikuwa mrefu kunifikia kifuani, na alikuwa anaweza kuruka kutoka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine. Afisa akapiga hatua kumwelekea, yeye akasogea mbali. Afisa akazunguka, yeye akazunguka. Daktari akanishika mkono akanifinya.

Ndipo simu ya Bwana Mutiso ikalia.

Nyinyi hamkumbuki, lakini siku zile kila simu Nairobi ilikuwa na mlio mmoja, ule iliokuja nao kutoka dukani. Ikilia moja, watu kumi walishika mifuko. Mheshimiwa aliposikia mlio ule alishtuka, akafungua mabawa, akaja mbio. Si mbio za kushambulia. Alikuja kwa furaha, akasimama mbele ya afisa wa serikali, akainama, akaruka juu, akainama tena, kisha akashika kifungo cha shati akaanza kukivuta.

"Mkubwa, nitakupigia," Bwana Mutiso alisema kwenye simu. "Kuna mtu ananishika shati."

Daktari aligeuka polepole akamwangalia Odhiambo. Odhiambo alikuwa anaangalia chini.

"Ni Akinyi," akasema. Akinyi ni mkewe. "Kila weekend lazima apige aulize niko wapi. Sasa nikikosa kushika itakuwa vita. Nilikuwa naongea pole pole huko ndani ya nguo, na ndio Mheshimiwa asisumbue nilikuwa nampatia mabuu."

"Kila simu ikilia?"

"Kila simu ikilia, Daktari."

Miezi yote ile mimi nazuia kikohozi mpaka machozi yanatoka, kumbe mwenzangu anaendesha ndoa humo ndani. Nilitaka kumpiga na kile kichwa cha bandia. Daktari alichukua simu ya Odhiambo, akaiweka kwenye debe la mahindi ya kobe, akafunika, na tangu siku hiyo hakuna simu iliyoruhusiwa kupita geti.

Bwana Mutiso alitoka akifunga kifungo kilichobaki na uzi mmoja. Hakuwa mtu mbaya. Akasema, "Daktari, huyu amezoea watu. Huyu ni wa hoteli." Daktari akamwomba nafasi moja zaidi. Akafikiri, akatazama kifungo, akasema atarudi baada ya mvua, na atakalokuta ndilo.

Jioni ile tulikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Daktari ndiye aliyeliona kosa letu. Tulimficha watu, lakini hatukumpa sababu ya kuwaogopa. Kwake yeye binadamu alikuwa kitu kipya chenye vifungo. "Sasa tutamfundisha," akasema. "Anayevaa joho ni mzuri. Asiyevaa ni mbaya. Mbaya sana."

Mbaya wa kwanza akawa Odhiambo, kama adhabu. Aliingia uwanjani na suruali yake na shati lake, ameshika sufuria na mwiko, akaanza kupiga na kukimbia. Mheshimiwa alisimama akamtazama. Odhiambo alipomfikia karibu roho ikamshinda. "Pole, Mheshimiwa," akasema. "Si mimi, ni Daktari." Tena akapiga ile sufuria taratibu, kwa mdundo. Unajua mtu wa Kisumu na mdundo. Ndege akaanza kucheza, na Odhiambo naye, nisiseme uongo, akacheza.

Tulipokuwa bado tunagombana naye, sauti ikatoka kwenye ua. "Hiyo mnafanya ni nini?"

Tukamweleza Mama Wanjiru kwamba tunatafuta mtu wa kumtisha ndege.

"Na mnatafuta wapi, na mimi niko hapa?"

Alikuja na kifuniko cha sufuria kubwa ya chama chao cha akina mama, leso kaifunga kiunoni, viatu kavua. Sijawahi kuona mtu akijitolea kwa moyo kama ule. "Wewe ndiyo ulinifanya nikose salamu!" akamwambia Mheshimiwa, na kifuniko kikalia, na ndege akaruka juu kama aliyekanyaga moto, akakimbilia pembe ya mbali na shungi limelala. Mama Wanjiru akamfuata huko, akamrudisha, akamzungusha uwanja mzima akimtajia makosa yake. Alitoka akihema, uso unang'aa. "Mbona hamkuniita mapema?" Kesho yake alikuja tena, na Alhamisi akaja na chama chake chote. Mama hao waliniambia ilikuwa dawa, walirudi nyumbani wakawa wapole kwa waume zao.

Lakini ndege si mjinga. Baada ya muda tuliona anamkimbia Mama Wanjiru na kila mama mwenye leso, ila mtu mwingine akiingia anainua shingo kuangalia kama ana kitu. Daktari alisema ni lazima waingie wengi, wake kwa waume. Akamleta hata Bwana Surjit na kilemba chake, ambaye alipiga makofi mara mbili na kumwomba ndege msamaha kwa Kipunjabi. Kisha akanigeukia mimi.

"Na wewe, Mama Sila."

"Mimi nina joho langu."

"Bila joho."

Nikakataa. Nilisema magoti yananiuma, nikasema nina pazia la mteja, nikasema nitamleta Sila anisaidie. Daktari alingoja nimalize maneno yote, na mnajua nina mengi. Halafu akaniuliza, bila kufoka, "Unataka akupende, au unataka aende?"

Niliingia ndani ya banda nikavua lile joho, nikalitundika. Nikatoka na kitambaa changu cha kichwa na sweta yangu ya kijani, uso wangu nje kwa mara ya kwanza. Mheshimiwa aliinua shingo. Hakunijua. Alinisogelea pole pole, upande upande, kama alivyofanya siku ile ya kiondo.

Kumbukeni kwamba nilikuwa nimekaa naye miezi bila kumwambia hata neno moja, mimi, Mama Sila. Nilikuwa na maneno ya kumwambia yaliyojaa mpaka kooni. Maneno ya kwanza aliyoyasikia kutoka kinywani mwangu yalikuwa matusi. Nilimwita mjinga, nikamwita kuku, nikamwita mwizi wa mahindi, nikagonga debe na kumkimbiza huku naona ukungu kwa machozi, mpaka nikajikwaa kwenye birika la kunyweshea wanyama nikaingia mzima. Hata hapo, nimeketi ndani ya maji, niliendelea kumtukana. Alikuwa amejibanza kwenye pembe akitetemeka. Daktari akanipungia mkono kwamba inatosha, nami nikatoka nikienda kujikausha, na Mama Wanjiru kule kwenye ua, aliyekuwa amekuja kucheka, hakucheka.

Ndivyo ilivyokuwa hadi mvua zikaisha. Asubuhi nikiwa ndani ya joho alikula miguuni pangu. Baadaye nikiwa mimi mwenyewe alinikimbia kuliko alivyomkimbia yeyote, hata Mama Wanjiru, kwa sababu hakuna aliyekuwa na sauti kama yangu. Kisha Daktari akasema joho nalo sasa liwekwe. Tukawa tunamwagia chakula usiku akiwa amefungiwa bandani, asimwone wa kumshukuru.

Jifunzeni hilo, maana ndilo gumu kuliko kusafisha mavi ya ngiri. Watakuja vijana wanaotaka kupigwa picha wamekumbatia tumbili. Waambieni tumbili anayekumbatiwa hana kwao tena. Kama unataka wa kukupenda, fuga paka.

Bwana Mutiso alirudi, shati jipya. Safari hii alitaka sisi wote tusimame nyuma ya banda kama zamani, na yeye akaingia uwanjani. Mheshimiwa alipomwona tu akaondoka, kichwa juu, akaenda upande wa mbali kabisa. Afisa akajaribu kulia, akajaribu kushoto. Ndege hakumruhusu kumkaribia. Odhiambo alikuwa ameanza kucheza pale nyuma ya banda, kimya kimya.

Lakini afisa huyo hakuwa amesahau kifungo chake. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akabonyeza, akaiacha ilie.

Daktari alikuwa amezifungia simu zetu zote getini, kwa hiyo katika kumfundisha kote huko, hakuna aliyekumbuka kumfundisha mlio ule. Mheshimiwa akageuza kichwa. Simu ikaendelea kulia. Akapiga hatua moja kuelekea kwa afisa, akasimama. Akapiga nyingine. Mabawa yakaanza kufunguka kwa furaha kama siku ile. Bwana Mutiso alishusha pumzi, akatikisa kichwa kwa huruma, na mimi nikaona ile bustani, na meza, na mkate.

Sikumwomba mtu ruhusa. Nilitoka nyuma ya banda na sweta yangu ya kijani nikasimama katikati ya uwanja, palipo peupe. Sikusema neno. Safari hii hata sikuwa na la kusema.

Akaniona. Shungi likalala, akatoa mlio ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake, akakimbia hatua chache na mabawa yakashika upepo. Akapita juu ya kayaba, akapita juu ya Mama Wanjiru na ng'ombe wake, akazidi kupanda, miguu imenyooka nyuma, akaelekea upande wa Kikuyu kwenye kinamasi. Tulimtazama mpaka akawa nukta, na bado tukaendelea kutazama. Simu ilikuwa bado inalia mkononi mwa afisa.

Bwana Mutiso aliizima. Alinitazama mimi, akatazama kule juu, akanitazama tena kama mtu anayefikiria kuita polisi.

"Mama," akasema, "kwani huyo ndege ulimfanya nini?"

"Nilimlea," nikamwambia.